Mama Vipande Alipoulizwa

Kwenye baraza lile la mafundi cherehani, mbele ya nyumba ndefu yenye maduka chini na wapangaji juu, kulikuwa na sheria ambazo hazikuandikwa popote na kila mtu alizijua. Kitambaa kinachobaki baada ya kukata nguo ni mali ya fundi, na mteja akikiulizia, basi hakikubaki. Fundi akiharibu nguo, kosa ni la kitambaa: "Kilikuwa kifupi, mama." Na sheria iliyoshikilia hizo nyingine ni kwamba fundi mmoja akishasema kilikuwa kifupi, wenzake wanainua vichwa kutoka kwenye cherehani zao na kuitikia kwa pamoja, "Kilikuwa kifupi, tulipima wote." Mteja gani atabishana na baraza zima? Alikuwa anaondoka akililaumu duka lililomuuzia, au akiulaumu unene wake mwenyewe.

Mkubwa wa baraza alikuwa Fundi Koti. Nyumba ilikuwa ya kaka yake, kwa hiyo yeye ndiye aliyeamua nani aweke cherehani pale na nani aiondoe. Alivaa koti hata jua likiwa la kuyeyusha lami, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, nani atamwamini fundi wa makoti asiye na koti? Na tusimwonee, mkono wake ulikuwa wa ajabu. Kola aliyoikunja yeye ililala bila kupigwa pasi. Pembeni yake alikaa Dada Zipu, msichana aliyekuwa hodari wa kufunga zipu za kila aina isipokuwa ile ya mdomo wake. Na mwisho wa baraza, pale mvua inapopiga, alikaa Mama Vipande.

Jina hilo alipewa kwa kejeli, akalipokea kama zawadi. Kila alipomaliza nguo ya mtu aliyakusanya mabaki, hata yale ya ukubwa wa kiganja, akayafunga fundo na kumpa mwenyewe pamoja na nguo.

"Vya nini hivi?" mteja huuliza.

"Ni vyako."

"Sasa mimi nivifanyie nini?"

"Hilo sijui, mama. Lakini ni vyako."

Wengine walivitupa mtaroni hapo hapo mbele ya macho yake. Yeye alishika njia yake, akakanyaga cherehani, akaimba pambio. Kuimba kwake nako kulikuwa na historia. Kanisani, mwalimu wa kwaya alimwambia kwa upole mwingi kwamba kwaya inahitaji sana watu wa kuiombea kutoka nyumbani. Akaona sawa, labda huduma yake ni ushuhuda. Akasimamishwa mbele ya akina mama wenzake, akasema, "Bwana asifiwe." Wakaitikia. Akasema tena, "Bwana asifiwe." Wakaitikia tena, sasa kwa kumtia moyo. Aliposema mara nyingine wakaanza kutazamana, naye akarudi kuketi, na mpaka leo hakuna anayejua alitaka kushuhudia nini. Ndipo Jumapili moja mchungaji akahubiri kwamba Mungu hutazama uaminifu wa mtu katika mambo madogo. Mama Vipande akakaa wima kwenye benchi. Mambo madogo? Hayo anayo, tena mfuko mzima uko chini ya cherehani yake.

"Mchungaji alisema madogo," mumewe alimtania jioni ile. "Hakusema ya kukuokotesha nyuzi." Mumewe alikuwa dereva wa malori mpaka goti lilipomstaafisha, na tangu hapo nyumba yao iliendeshwa na ile cherehani. Alikuwa na nafasi kubwa ya kumtania mkewe, na aliitumia vizuri.

Sasa usifikiri huyu mama alikuwa malaika. Kurudisha vipande kulimwia rahisi, maana vipande havigombani na mtu. Taabu ilikuwa kwenye ule wimbo wa "tulipima wote." Mama Vipande hakuwahi kuuitikia, ila hakuwahi kuupinga vilevile. Fundi Koti alipoanza tu kusema, "Mama, kitambaa chako...", sindano ya Mama Vipande ilianguka. Anainama chini ya cherehani, anaitafuta, anaikosa, anaitafuta tena, na anapoinuka mteja keshaondoka. Sindano za mama yule zilikuwa na tabia ya kuanguka pamoja na uongo wa Fundi Koti, na yeye alimwambia Mungu wake kwamba kuokota sindano si dhambi.

"Ni kweli si dhambi," mumewe alisema. "Ila siku ya hukumu nayo utainama?"

Fundi Koti hakumpenda. Wateja walianza kuwa na maswali. Mtu anachukua gauni lake kwa Koti, analigeuza, halafu anasema, "Na vipande vyangu viko wapi? Mwenzako kule mwisho anarudisha." Hilo lilimchoma. "Samaki mmoja akioza wote wameoza," alimlalamikia Dada Zipu, na haikumjia akilini kwamba uozo wenyewe aliokuwa akiulalamikia ulikuwa ni mtu kurudisha cha watu.

Basi siku moja akaja mama mmoja mjane na kitambaa. Kilikuwa cha rangi ya zambarau iliyoiva, chenye maua yanayong'aa upande mmoja, upande wa pili kimefifia. Alikiweka juu ya meza ya Fundi Koti taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Hiki alikinunua marehemu mume wangu," alisema. "Alikwenda dukani mwenyewe, na ugonjwa wake ule. Akasema nikivae siku ya harusi ya binti yetu. Harusi hakuiona."

Fundi Koti alikipima mbele ya wote. Alihitaji mtu wa kumshikia ncha ya tepu, na aliyekuwa na mikono mitupu ni Mama Vipande, akashika. "Kinatosha na kusaza," alisema Koti, na hapo alisema kweli tupu. Mjane akatabasamu, akasema marehemu alikuwa mtu wa vipimo, hata chumvi alipima. Akaenda zake.

Kile kilichozidi Koti alikikata mapema kabisa, kabla hata ya kukata mikono, akashonea kigauni cha mtoto na kukiuza siku hiyo hiyo. Sheria ni sheria. Kisha akaanza kukata mikono huku anabishana na mpita njia kuhusu mchezo wa mpira wa jana yake, nani alistahili kutolewa nje na nani alimnunua mwamuzi. Mkasi ukaenda. Alipoinua vipande kuviunga, akakuta amekata mikono miwili ya kushoto.

Kwa kitambaa cha nyuso mbili ungeugeuza tu mkono mmoja, mambo yakaisha. Kile kilikuwa na uso mmoja. Ukiugeuza, mkono mmoja unang'aa na wa pili umefifia. Na cha kukata mwingine hakikuwepo tena. Fundi Koti alivitazama vile vipande muda mrefu, akavikunja, akawageukia wenzake.

"Yule mama akija Ijumaa, mnajua la kusema." Kisha akamtazama Mama Vipande peke yake. "Na safari hii sitaki habari za sindano. Asiyekuwa pamoja na baraza hana kazi barazani."

Mama Vipande akaitazama cherehani yake. Pale ndipo palipokuwa unga wao, kodi yao na dawa ya goti la mumewe. Wateja wake walimjua pale, na nyumbani kwao, chumba na sebule uani kwa watu, nani angemfuata?

Alimsimulia mumewe. Mumewe alilikanda goti lake kidogo, akasema, "Wakikufukuza utaweka cherehani sebuleni. Mimi nitakuwa mteja wa kwanza."

"Wewe una suruali mbili."

"Nitazichana."

Alicheka, lakini moyo haukutulia. Ijumaa asubuhi akawa anaomba njia nzima, na maombi yake hayakuwa ya kishujaa hata kidogo. Bwana, mfanye asiniulize. Akitaka kuuliza, amuulize Zipu, Zipu anapenda kuulizwa. Au mpe mafua leo asije. Hapana, asiumwe, samahani, ila apate mgeni. Mungu husikia maombi yote, tunajua. Hakuna mahali alipoahidi kuyatii.

Mjane alikuja, tena mapema. Alivaa gauni lile juu ya nguo zake ili alijaribu, na likamkaa vizuri kila mahali isipokuwa bega la kulia, ambalo lilikuwa wazi.

"Mama," Fundi Koti alianza, akashusha sauti ya msiba, "kitambaa chako kilikuwa kifupi."

Sindano ya Mama Vipande ikaanguka. Naapa hakuiangusha, mkono wenyewe ulizoea. Akainama.

"Haiwezekani," alisema mjane. "Si ulipima, ukasema kinatosha?"

"Nilipima harakaharaka. Nilipokilaza vizuri nikaona kimepungua. Waulize wenzangu, tulipima wote."

"Tulipima," alisema Dada Zipu, lakini alisema akiwa ameitazama zipu.

Chini ya cherehani, Mama Vipande aliona viatu vya mjane, vyeusi, vimepigwa rangi vizuri, vimesimama. Akasubiri viondoke. Viatu vilisimama tu. Halafu mjane akaanza kusema, na hakuwa anamwambia yeyote.

"Basi alikuwa ameshaanza kuchanganyikiwa. Aliniambia yuko sawa. Aliniapia, kichwa changu kiko sawa, ni mwili tu. Nami nikamwamini, nikamwacha aende dukani peke yake, nikamwacha atie sahihi mambo ya nyumba na ya watoto. Kumbe hata kitambaa hakuweza kukipima. Mimi nilikuwa wapi nisione?"

Viatu vikageuka, vikaja mpaka ubavuni mwa cherehani ya mwisho.

"Mama," alisema, "wewe ndiye unayerudisha vipande vya watu. Inuka uniambie. Kilikuwa kifupi?"

Hapo Mama Vipande alijua ameulizwa, na aliyeulizwa ni yeye na si mwingine. Aliinuka taratibu, na mgongo ukamlaumu. Aliona uso wa mjane, na nyuma yake uso wa Fundi Koti, na macho ya Koti yalikuwa yanasema mambo yote ya kodi na unga na cherehani. Alifungua mdomo, na kitu cha kwanza kilichotoka, kwa mazoea ya hofu, kilikuwa "Bwana asifiwe."

"Amina," alisema mjane, akisubiri.

Alikuwa amefika hapa siku moja mbele ya akina mama, na alikuwa amerudi kuketi. Safari hii alibaki amesimama.

"Kilitosha," alisema. "Ncha ya tepu nilishika mimi. Kilitosha na kusaza. Mumeo alipima sawasawa."

Fundi Koti alijiandaa kwa makelele. Alijua jinsi wateja wanavyopiga kelele, na alikuwa na majibu yake. Lakini mjane hakumtazama hata kidogo. Alijishika kifua.

"Alipima sawa?"

"Sawasawa, mama."

"Kichwa chake kilikuwa sawa?"

"Mimi kichwa chake sikukiona. Ila kitambaa chake kilinunuliwa na mtu mwenye akili timamu."

Mjane akakaa kwenye benchi la wateja, akalia, na katikati ya kilio akaanza kucheka, akifuta machozi kwa ule mkono mmoja wa zambarau. "Hata chumvi alipima," alisema. "Niliwaambia." Alikaa hivyo mpaka pumzi ikamrudia. Kisha akalivua gauni, akalikunja, akaliweka mezani kwa Fundi Koti. Wala hakumkaripia.

"Fundi, fanya unavyoweza. Hata lisipokuwa na mikono nitalivaa. Mimi nimeshapata nilichokuja kuchukua."

Akaaga, akaondoka. Mvuliwa nguo huchutama, ndivyo wahenga walivyosema, na Fundi Koti alichutama kweli kwa muda, koti na yote. Angetukanwa angejua la kufanya. Lakini mtu kuharibiwa nguo na kuondoka amefurahi, kwa sababu tu ameambiwa ukweli, hilo hakuwahi kuliona tangu ashike mkasi. Na kwa kuwa hakujua alifanyeje, alifanya alichokizoea.

"Cherehani yako," alimwambia Mama Vipande, "kesho nisiikute hapa."

Hakubishana. Alifunika cherehani kwa khanga, akaenda nyumbani, akalia kidogo, akapika. Alimwambia Mungu kwamba amekasirika naye, si sana, lakini amekasirika, maana alimwomba jambo dogo tu.

Kesho yake alikuja na mumewe na mkokoteni wa kuazima. Mumewe aliusukuma huku anachechemea, akiwaeleza waliokutana nao njiani kwamba mkewe ameanguka kutoka barazani hadi sebuleni kwa kusema kweli, na kama kuna mwenye suruali ya kuchana amwone. Mama Vipande alimwambia anyamaze, wakati huohuo akimshukuru Mungu kwamba hanyamazi.

Walimkuta Fundi Koti amekaa peke yake, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye kitanda hakikumsaidia. Gauni la zambarau lilikuwa limetundikwa ukutani. Alikuwa ameichukua ile mikono miwili ya kushoto na kuikata upya yote, mifupi, ya kushoto na ya kulia, na yale maua yalikutana begani kana kwamba mfumaji aliyafuma yakiwa pale pale. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, na kila mtu aliyeielewa kazi angeona hivyo.

Mume wa Mama Vipande akashika upande mmoja wa cherehani, mkewe upande wa pili, wakaipandisha mkokotenini. Fundi Koti alitazama tu. Mpaka walipoanza kuifunga kamba ndipo akasema, bila kuinua kichwa:

"Jana hukuogopa?"

"Niliogopa, fundi. Mpaka sasa naogopa."

"Sasa kwa nini ulisema?"

Mama Vipande alifikiri. Angeweza kusema maneno ya kanisani, alikuwa nayo mengi. "Kwa sababu aliniuliza mimi," alisema. "Na yule marehemu hakuwa na mwingine wa kumsemea. Ningenyamaza ningekuwa nimemwibia yule mama mume wake."

Fundi Koti alilitazama lile gauni ukutani. Dada Zipu naye alikuwa amefika, amesimama pembeni akisikiliza.

"Kuna mwanamke mwingine," Koti alisema hatimaye. "Anakaa nyuma ya kinu cha unga. Dada yake alimletea kitambaa kutoka safari, kizuri, mimi nikakiunguza kwa pasi. Nikamwambia kilikuwa kifupi, na kwamba dada yake amemletea masalio ya dukani. Hilo la masalio nililiongeza mimi, kutia chumvi tu." Akajikuna shingo. "Nasikia hawasalimiani mpaka leo. Hata kwenye msiba wa mama yao kila mmoja alikaa upande wake."

"Ee Mungu wangu," alisema Mama Vipande.

"Usiku kucha nimekuwa nikimfikiria huyo. Na wengine. Nilidhani nachukua vitambaa tu." Alisimama, akanyoosha koti lake, akakaa tena. "Nataka niende. Lakini nikifika mlangoni sijui nianze na nini."

"Anza na hodi," alisema mume wa Mama Vipande.

Hakuna aliyecheka. Fundi Koti akamtazama yule mwanamke ambaye jana alimfukuza, na lililofuata lilimtoka kwa shida kuliko uongo wake wote.

"Twende wote, mama. Wewe wanakuamini."

Hapo Mama Vipande angeweza kumkumbusha mambo, na kwa haki kabisa. Alitafuta tu viatu alivyovivua alipopanda barazani. Koti akashuka barazani, akapita karibu na mkokoteni, akaupiga teke dogo gurudumuni.

"Na hiyo cherehani irudisheni mahali pake," alimwambia Dada Zipu na mzee wa goti. "Inazuia njia."

Wakashika njia ya kinuni. Mama Vipande aliomba njia nzima kimyakimya, na Koti alipunguza mwendo kadiri kinu kilivyokaribia, mpaka ikabidi Mama Vipande, mwenye miguu mifupi, amsubiri. Mlango ulikuwa wa bati, umepakwa rangi ya kijani. Koti alipiga hodi kwa sauti ambayo haikuwa yake.

Mwanamke aliyefungua alikuwa na unga mikononi. Alimtambua fundi, akamtazama juu mpaka chini, akamtazama na aliyefuatana naye.

"Karibuni. Kuna nini?"

"Mama," alisema Fundi Koti, "kile kitambaa cha dada yako kilikuwa kizima. Kilitosha. Nilikiunguza mimi, nikamsingizia yeye."

Mwanamke alishika mlango, unga ukabaki kwenye bati.

"Sema tena."

"Kilitosha. Dada yako alikuletea kitu kizuri."

Mwanamke akasogea hatua moja, na Fundi Koti akafumba macho akingoja kipigo. Hakikuja. Alipoyafumbua, mwanamke yule alikuwa amewageuzia mgongo, anaita watoto ndani wamletee simu, haraka, na vidole vyake vikaacha unga kwenye simu alipokuwa anaitafuta namba ya dada yake.